Eda ya Sungura Mweusi

Nilichoona kwanza ni manyoya meupe mgongoni mwa sungura mweusi. Hayakuwa mengi. Yalikuwa kama nyuzi za pamba zinazobaki kwenye nguo ya mtu aliyepita shambani. Niliingiza mkono kizimbani, nikayatoa, nikayaangalia kidogo, nikayatupa. Mvua ilikuwa imenyesha mchana wote na kanga yangu ilikuwa imelowa. Niliweka majani, nikafunga waya wa mlango, na hapo nikaona kwamba waya ule ulikuwa umezungushwa kwa namna nyingine, si namna yangu. Nikaurudisha namna yangu, nikaenda.

Sungura hao walifugwa nyuma ya dispansari ya Baraka, kila mmoja na kizimba chake. Mimi nilikuwa natoka Lweba alfajiri kuja kuwakatia majani na kufagia chini yao. Aliyenipa kazi ni Norbert, muuguzi. Siku ya kwanza alinieleza jambo moja na kulirudia mpaka nikaona haya.

"Huyu wa kazi, anakaa peke yake. Hapana dume. Hapana hata jike mwenzake. Sungura jike akipandwa, hata kama ni kwa mchezo, mayai yake ya tumboni yanaamka. Kisha sisi tutapasua, tutaona damu, tutasema ni mkojo wa mama fulani, kumbe ni mchezo tu. Umesikia, Rehema?"

Nilisikia. Mkojo wa mwanamke mwenye mimba una nguvu ndani yake, Norbert aliiita homoni. Unatiwa kwa sindano kwenye mshipa wa sikio la sungura jike, na nguvu ile inakwenda kuamsha mayai yake. Baada ya siku mbili sungura anachinjwa na kupasuliwa. Vifuko vyake vya mayai vikiwa na madoa mekundu, yule mwanamke ana mimba. Vikiwa vyeupe, hana.

Sungura mweusi alikuwa wa dada yangu Kulthumu.

Mume wake, Assani, alikufa kwa homa. Kulthumu alikuwa amekaa eda katika nyumba ya wakwe zake, palepale Baraka, na alikuwa anatapika. Wanawake wengine walisema ni huzuni, wengine walisema ni mtoto. Shemeji yake, Useni, alitaka kuvuka ziwa kwenda Kigoma, na kabla ya kuvuka alitaka kujua. Kama Assani ameacha mtoto, nyumba haigawanywi na Kulthumu anabaki Baraka kumlea. Kama hakuna, eda ikiisha anarudi kwetu Lweba. Walikuwa wanabishana hivyo barazani, na Kulthumu ndani akiwasikia, mpaka Norbert aliyekuja kumpima homa akawaambia waache kelele, dispansari ina sungura wa kujibu.

Mwenye eda hatoki nyumbani. Kilichotoka ni chupa, na niliibeba mimi. Dada alinipa akiwa amekaa kwenye mkeka, shuka jeupe kichwani, akanishika kidole.

"Rehema, nataka nibaki na kitu chake. Uniombee."

"Ndiyo, dada," nikasema.

Tangu sindano ilipopigwa sikuweza kutulia. Nilikata majani mengi kuliko tumbo la sungura. Nilifagia pale nilipokwisha kufagia. Nilikwenda ziwani kuchota maji na kurudi na ndoo nusu. Marthe, mke wa Norbert, ambaye jiko lake linatazama vizimba, aliniuliza kama siafu wameniingia kwenye nguo.

Daktari alishuka kutoka Fizi na gari lake. Norbert alichinja, daktari akapasua, na mimi nikasimama mlangoni na beseni. Daktari aliinama, akageuza kitu kidogo kwa ncha ya kisu.

"Nyekundu," akasema kwa Kiswahili chake. "Iko mimba."

Norbert alinipigapiga begani. Nilitabasamu, kwa sababu wote wawili walikuwa wananiangalia.

Kesho yake nilipofika nyumbani kwa wakwe, watu walikuwa wengi ndani. Mama Saumu, mama yake Assani, alikuwa anamlisha dada yangu samaki kwa mkono wake, akimtolea miiba. Alikuwa mwanamke mkali, hata Useni alimwogopa, lakini siku ile alikuwa kama amepunguziwa mzigo.

"Sungura wenu iko na akili," aliniambia. "Nilikwenda kumwona mimi mwenyewe, siku ile ya mvua."

"Ulikwenda wapi, mama?" Useni akauliza.

"Dispansari. Nisimwone mnyama atakayesema habari ya mtoto wangu? Hapakuwa na mtu. Nikamkuta peke yake, anatetemeka. Nikasema, aa, hapana. Mwanamke anayengojea habari kama hii anaachwa peke yake? Huyu Kulthumu, tangu msiba, amelala peke yake hata mara moja?"

"Hapana," wanawake wakajibu. "Tunapokezana."

"Basi. Nikamtoa jirani yake, yule mweupe, nikamtia kwake. Wakakaa pamoja mpaka mvua ikakatika, nikamrudisha."

"Wakapatana?" mwanamke mmoja akauliza.

"Kupatana! Yule mweupe hana haya. Anampanda mwenzake mgongoni, anashuka, anapanda tena. Nikamwambia, we, acha! Hapa ni msiba, hapana ngoma!"

Wanawake wakacheka, wakapigana mapaja. Kulthumu naye akacheka, shuka likamwanguka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu siku ya mazishi.

Nilisema natafuta maji, nikatoka, sikutafuta maji. Nilitembea mpaka mitumbwi, nikarudi mpaka sokoni, nikarudi tena mitumbwi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika ndakala, dagaa wa ziwa letu, aliniuliza nimepoteza nini. Niliifikiria nyumba ile inavyocheka. Niliifikiria pia miezi itakayokuja, tumbo la dada likiwa bapa, na macho ya watu wote wale juu yake.

Nilijikuta mlangoni kwa Norbert. Alikuwa anakula. Nilisimama, nikashika nguzo ya mlango.

"We Rehema," Marthe akasema, "umekuja kushikilia nguzo ya nyumba isianguke?"

"Iko manyoya," nikasema.

"Manyoya ya nini?"

"Meupe. Kwa ule mweusi. Niliona siku ya mvua."

Norbert aliacha kutafuna. Nikawaambia yote, nikitazama chini, kuhusu Mama Saumu na jirani mweupe na mvua.

"Ee Yesu," Norbert akasema. "Yule mama! Alifanya makusudi?"

"Alimwonea huruma."

"Huruma! Daktari atanikula mzima." Alisukuma sahani. "Mi naona tunyamaze. Pengine mimba iko kweli. Tumbo litasema lenyewe."

"Na likisema hapana?" Marthe akamuuliza. "Watasema dispansari ilikosea? Watasema Kulthumu ni mwongo, alijifanya mjamzito apate kukalia nyumba. We Norbert utakuwa unakula hivihivi. Yeye ndiye atatupiwa mkeka nje."

Norbert aliinuka. Alinawa mikono, akavaa viatu, akaenda kwa wakwe mwenyewe. Mimi sikumfuata. Nilisikia baadaye kwamba Mama Saumu alimsikiliza mpaka mwisho, akajifunika uso kwa kanga, akasema, "Kumbe ni mimi." Na kwamba Useni alipofungua mdomo alimnyamazisha kwa mkono.

Ikaletwa chupa nyingine. Safari hii dada hakuniambia nimwombee. Aliniangalia tu, kama mtu anayemwangalia mgeni ambaye jina lake limempotea.

Alibaki sungura mmoja wa kufaa, mzee wa rangi ya jivu kwenye kizimba cha mwisho, mwenye kuuma. Hakuna aliyekuwa amemkaribia, kwa ajili ya meno yake. Norbert alimpiga sindano huku akitukana kwa Kibembe. Mimi nikaweka kigoda mbele ya kizimba nikakaa. Kuku akipita, namfukuza. Mtoto akija kuchungulia, namfukuza. Sikuweza kukaa vizuri hata hivyo. Nilikuwa nasimama, nazunguka kizimba, nakaa, nasimama. Mama Saumu alikuja mara moja, akasimama mbali karibu na ukuta.

"Sikaribii," akasema. "Naangalia tu. Amekula?"

"Amekula, mama."

"Peke yake vile." Akatikisa kichwa, akaenda.

Daktari alipasua. Safari hii nilisogea mpaka nikaona. Vifuko vilikuwa viwili, vidogo kama maharage, na vyeupe kabisa.

"Hakuna kitu," daktari akasema.

Norbert alikwenda kusema, na safari hii nilimfuata. Mama Saumu alikaa kwenye mkeka nyuma ya dada yangu, akamkumbatia kwa kiuno. Kulthumu aligeukia ukuta. Kutapika kukaisha taratibu, baada ya dawa ya homa na baada ya kulia sana. Damu yake ya mwezi ikarudi.

Eda ilipokwisha, Mama Saumu alimwogesha, akamvalisha kanga mpya, akatusindikiza mpaka mwisho wa nyumba za Baraka. Tulishika njia ya Lweba, sanduku lake nikiwa nimelibeba mimi kichwani. Dada alitembea mbele. Ziwa lilikuwa upande mmoja na pamba upande wa pili, nami nikifuata mlio wa kandambili zake.

"Ungenyamaza," akasema bila kugeuka, "ningekuwa naye miezi michache. Hata kama hayuko."

"Ndiyo, dada."

"Sasa ulisema sababu ya nini?"

"Sababu ya manyoya."

Alisimama akaniangalia, kisha akachukua upande mmoja wa sanduku, tukalibeba pamoja. Hakuniuliza tena, wala siku ile wala baadaye.

Manyoya yalikuwa kweli. Maneno ya Marthe pia yalikuwa kweli, na watu wa kwetu wamekuwa wakinisifu kwa kuwa nilisema. Lakini tangu ulipoolewa, dada, nilikuwa nalala peke yangu katika chumba chetu cha Lweba, upande wangu wa mkeka, na upande wako nikiuacha wazi. Siku ile uliponishika kidole ukaniambia nikuombee, niliomba viwe vyeupe.