Aliyekuwa Jikoni

Jumamosi saa nne asubuhi, mshonaji alisukuma cherehani yake pembeni, akaunganisha deki ya zamani ya video na televisheni na kompyuta, akatumbukiza kanda ya harusi yake. Kanda ilikuwa imeshaanza kuota ukungu. Alitaka kuihamishia kwenye flashi kabla haijamfia mikononi, na humo ndani alikuwa akiitafuta sura moja tu: ya mama mdogo aliyemlea, akafariki bila kuacha hata picha ya kitambulisho. Binti wa mshonaji, waliyemwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, hakuwahi kumwona bibi huyo.

Dakika ya kumi na mbili wageni wa harusi walianza kutoka kwenye televisheni, mmoja mmoja, viatu mkononi. Kanda ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, na mtu hawezi kusimama muda wote huo. Baba mkubwa, suti ya kijivu, alilishika kochi peke yake.

"Mbona kochi lenu limebonyea hivi?"

"Limebonyezwa na wageni, babu," alisema Chiriku.

Mama yake alimkata jicho, kisha akacheka.

Mama mdogo alitoka wa mwisho, mikono ina povu hadi viwikoni. Alimbusu Chiriku utosini, akauliza bomba liko wapi, akaanza kuosha vikombe vya wageni.

"Mama mdogo, kaa basi. Leo na wewe ni mgeni."

"Nikikaa nani ataosha? Hao?" Alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Kumbe mtoto kachukua pua yangu!"

"Mbona kwenye video huonekani, bibi?" aliuliza Chiriku.

"Nimo, mjukuu wangu. Ila kamera haikuwa na miguu ya kufika jikoni."

Mshonaji alimpiga picha kwa simu. Picha ilitoka na bomba, beseni na vikombe tu, vyote vinameta.

Saa saba kanda iliisha. Wageni waliaga, wakaingia kwenye flashi kwa kufuata vyeo, kama walivyoketi siku ile. Mama mdogo aliingia mwishoni, baada ya kufuta meza.

Jioni waliitazama yote. Baba mkubwa alionekana mara kumi na tisa. Mama mdogo, hata kivuli chake hakikuonekana. Keki ilipokuwa ikikatwa, nyuma ya mlango uliofungwa, vyombo viligongana.

"Bibi yule pale!" alisema Chiriku, akaupungia mlango mkono.

Mama yake naye akaupungia.