Saa ya Vifungo

Fundi cherehani yule kazi zake za mkono aliziwekea saa moja jioni. Vifungo, pindo, kulabu za sketi, vyote vilingojea tamthilia ya runinga ya hakimu mwanamke. Binti yake wa miaka kumi na minne alikaa ubavuni akimtungia uzi, maana macho ya mama na tundu la sindano vilishaagana. Walimsema hakimu, wakamcheka karani wake mpaka mbavu zikauma. Kutwa nzima ya kuinamia cherehani mama aliivumilia kwa ajili ya saa hiyo.

Akaja Kidoti, rafiki mpya wa shuleni. Ghafla hakimu akawa mambo ya wazee.

"Mama, darasani wote wanatazama tamthilia ya vijana wa bendi. Nikikaa nao sina la kusema."

"Wote ndio nani?"

"Kidoti."

Basi kila jioni, saa ileile, binti akawa anakwenda kuitazama nyumba ya tatu, kwa kina Kidoti. Wivu ukamshika mama. Kumwonea wivu mtoto wa watu, tena wa kuvaa sare! Aliona haya, lakini haya hazikumpunguzia kitu. Mwenye wivu ajinyonge, husema watu. Yeye uzi alikuwa nao tele, ila hata kuutunga sindanoni hakuweza.

Ijumaa moja hakimu alikuwa atoe hukumu ya wizi waliyoisubiri wiki sita. Binti akaaga vilevile, akaondoka. Mama akanyakua rimoti na kwa hasira akaweka vijana wa bendi, aone wana nini cha kumshinda yeye. Aliwatazama mpaka mwisho, gauni la mteja limelala mapajani bila kifungo hata kimoja.

Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Mama! Umeona? Kumbe mwizi ni karani! Kidoti amelia!"

"Mmetazama yetu?"

"Nimembembeleza wiki nzima, leo kakubali. Wewe ulijua ni karani?"

Mama akainamia gauni. Hukumu yao, Kidoti ndiye aliyeiona. Binti akageukia runinga, akawakuta vijana wa bendi wanaimba wimbo wa kufungia.

"Mama! Na wewe?"

"Nilikuwa nakutafuta humo."

Binti akaketi, akachukua sindano, akatunga uzi mara moja tu.

"Jumatatu Kidoti anataka aje tutazame hapa."

"Aje," mama akasema. "Lakini uzi unatunga wewe."