Herufi za Fundi Miwani

Fundi Miwani hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyokuwa nayo aliyaning'iniza juu ya mlango wa duka lake, kila apitaye ayasome.

Ubao aliupata siku ukumbi wa sinema ulipofungwa na vitu vyake kuuzwa. Ulikuwa wa bati jeusi, wenye mifereji ya kupachika herufi, na herufi zenyewe zilikuja ndani ya sanduku, nyeupe, za plastiki, kila moja kubwa kama kiganja. Alikusudia kutangazia fremu mpya. Lakini siku alipoupachika jua lilikuwa limeanza kuchoma, akaona kwanza awasalimu wapita njia kwa habari za msimu. Akaandika KIANGAZI. Alitaka kuongeza neno la pili, akakosa uhakika ni lipi, akashuka.

Kiangazi hicho wateja walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Fundi alikaa kwenye stuli kando ya njia, hana la kufanya ila kuutazama ubao wake mwenyewe, na kadiri alivyoutazama ndivyo herufi zilivyoanza kuhama kichwani mwake. Akapanda, akazipangua, akazipanga tena. Herufi zilezile, hakuna iliyoongezwa, hakuna iliyobaki mkononi. Ubao sasa ulisema: KAZI GANI.

Kesho yake akaingia kijana mwenye bahasha ya vyeti, akauliza kwa adabu ni kazi gani hiyo inayotangazwa. Fundi akamweleza kwamba hakuna kazi, hicho ni kiangazi tu. Yule kijana akatoka nje, akausoma ubao tena, akarudi na kuomba apimwe macho. Akapimwa. Ikaonekana kweli macho yana kasoro. Akaondoka na miwani, kazi hakupata.

Tangu hapo mchezo ukamkaa fundi moyoni. Kila msimu aliandika neno la msimu, akaliacha mpaka watu walizoee, kisha akalipangua kuwa kitu kingine. Kanuni zilikuwa zake: pangua zote, usiongeze herufi, usibakishe herufi, na kitakachotoka kiwe na maana ambayo mtu mzima anaweza kuisema mbele za watu.

Hukumu ilitolewa nyumbani. Fundi aliishi na dada yake, mkubwa kwake kwa mbali, aliyekuwa msahihishaji wa gazeti mpaka alipostaafu. Dada ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki, na malezi hayo hayakukoma mdogo wake alipoota mvi. Mezani alisikiliza kilichoandikwa siku hiyo, akatafuna, akameza, kisha akasema kinapita au hakipiti. KAZI GANI ilipita, ila alisikitika kwamba hakukuwa na alama ya kuuliza.

Mvua ya kwanza ya nguvu iliponyesha, fundi aliandika MVUA KUBWA, habari ambayo kila aliyepita alikuwa nayo tayari, imemlowesha. Mvua ilipoendelea kwa siku kadhaa, akapanda na mwavuli, akazipanga herufi upya: KUVUA MBWA. Alikuwa hata hajajikausha mwanamke mmoja alipoingia dukani na mfuko wa plastiki kichwani na utepe wa kupimia shingoni.

"Wewe ndiye wa kuvua mbwa?" akauliza.

Fundi akaeleza kwamba ule ni mchezo wa herufi tu.

"Yuko mtaroni mbele ya duka langu," mwanamke akasema. "Sidhani kama anajua ni mchezo."

Fundi akakunja suruali, akaenda. Mbwa alikuwa mkubwa, wa rangi ya matope, au pengine ni matope yenyewe. Alivuliwa kwa taabu, wote wawili wakimvuta, na alipofika juu akajikung'uta, akawamwagia maji yaliyosalia, akashika njia yake bila kugeuka nyuma. Mwanamke akamkatia fundi kipande cha kitambaa kutoka kwenye jora ajifute, akamtengenezea chai.

Alikuwa mshonaji, mjane wa miaka mingi, aliyehamia upande wa pili wa barabara punde tu. Akataka kujua herufi zinapangwaje. Fundi akamweleza kanuni. Mshonaji akatia uzi kwenye cherehani, akashona upindo mzima, kisha akauliza kwa nini ubao uliposema JUA KALI hakuugeuza kuwa KUJALIA. Fundi akahesabu kwa vidole, akarudia. Zilikuwa sawasawa. Akamtazama yule mama upya, kama mtu aliyebadilishiwa lenzi.

Basi wakazoeana. Waliitana fundi kwa fundi, kwa kuwa kila mmoja alikuwa fundi wa kitu chake, na jioni kabla ya kufunga maduka walikunywa chai kwenye benchi la mshonaji. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini herufi alizijua kuliko mwenye ubao. Ulipofika msimu wa MASIKA alisema tu, bila kuinua kichwa, "Kama si." Fundi akasema hizo ni herufi zake kweli, lakini sentensi haijaisha. Kama si nini?

"Ndiyo maana nimekupa wewe," mshonaji akajibu. "Uimalizie."

Fundi aliifikiria sana. Alijua neno la kumalizia, na mtoto mdogo angelijua. Akaipachika KAMA SI juu ya mlango, akaiacha hivyohivyo mpaka mvua zikakatika.

Mtaa mzima uliona. Mwuza mikate alikuwa wa kwanza kumuuliza harusi lini, na fundi akamjibu: mwaka ujao. Hakuwa akidanganya. Ndivyo alivyojibu kila jambo. Paa la duka lilivuja, angeliziba mwaka ujao; jino lilimsumbua, angeling'oa mwaka ujao. Hata mshonaji mwenyewe alipouliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama sukari imetosha, alipewa jibu hilohilo, na mwaka uliofuata akapewa tena. Kilichomzuia fundi kilikuwa kimoja: dada. Angemwachaje peke yake mezani, mtu aliyemvusha utotoni? Na angemwambiaje? Kila akifungua kinywa nyumbani, kilitoka kitu kingine.

Mwaka ulipokaribia kwisha, fundi alifunga duka kwenda mji mwingine kuchukua lenzi. Akaandika ubaoni TUONANE MWAKA UJAO, akampa mshonaji ufunguo ili wateja wachache waje kuchukua miwani yao iliyokuwa tayari, akapanda basi.

Aliporudi na mzigo wake begani, aliona watu wawili wamesimama mbele ya duka wameinua nyuso. Naye akainua. Ubao ulisema: TUONANE MJA WA KUOA.

Akasimama pale na mzigo wake. Miaka yote ile alikuwa akilitamka lile neno mwaka ujao asubuhi na jioni, yeye mwenye ubao, yeye mwenye kanuni, na hakuwahi kuona limebeba nini tumboni. Alijiona kama mtu aliyetafuta miwani kutwa nzima, kumbe iko kwenye paji la uso. Kisha akavuka barabara.

"Neno la kwanza hujaligusa," akasema.

"Halikuwa na kosa," mshonaji akajibu, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

Fundi akasema kanuni inataka herufi zote zipanguliwe. Mshonaji akasema yeye hakupangua kitu. Ameisikia hiyo mwaka ujao mpaka ikajipanga yenyewe. Kama kuna herufi iliyozidi au iliyopungua, aonyeshwe. Fundi akahesabu. Hakukuwa na hata moja.

Alirudi kuzishusha, lakini hata stuli hajaiweka mwuza mikate akaja kumpa mkono wa hongera, na baada yake wengine, na huwezi kuliondoa neno watu wakiwa wanakupongeza kwalo. Akaliacha. Usiku ule alikula na dada yake akamsimulia habari za basi, barabara na bei ya hoteli, na dada akasikiliza yote. Hakuulizwa juu ya ubao. Hilo peke yake lingetosha kumtia wasiwasi.

Asubuhi dada alikuja dukani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Alisimama ng'ambo ya barabara kwanza, akasoma, midomo ikimcheza, kisha akaingia na kukaa kwenye kiti cha kupimia macho.

"Mja," akasema.

"Naam, dada."

"Mja ni neno la tenzi. Hakuna mtu anayekwenda kuposa akajiita mja."

Fundi akasema kila binadamu ni mja, hata mwuza mikate. Dada akasema basi ingeandikwa mtu. Fundi akaeleza kwamba mtu haiwezekani, kwa kuwa T haipo.

"Ipo. Naiona pale kwenye TUONANE."

"Hiyo ina kazi nyingine, dada."

Dada akalitafakari jibu hilo, akaliacha lipite. Akahamia kwenye "wa kuoa". Alitaka kujua maana yake ni mtu anayefaa kuoa, au mtu atakayeoa, kwa sababu hayo ni mawili tofauti, na wanaofaa wasiooa wamejaa mjini. Fundi akasema linabeba yote mawili.

"Nimesahihisha gazeti maisha yangu yote," dada akasema. "Chagua."

"Atakayeoa."

"Atakayeoa ni nani?"

"Mimi."

"Na aliyeandika?"

"Mshonaji wa hapo mbele."

"Nawe unamtetea."

"Namtetea. Yuko sahihi."

Ndipo fundi aliposikia alichokisema. Lile jambo alilolimeza kwa miaka mezani lilikuwa limeshatoka, limekaa katikati ya duka, na paa halikuanguka. Akaona amalizie kabisa. Akamuuliza dada yake, atakula na nani?

Dada akafungua mkoba, akatoa leso, akaufunga bila kuitumia.

"Mdogo wangu, mimi nangoja uoe nipate chumba chako," akasema. "Kina dirisha la upande wa upepo. Nilidhani ni wewe usiyetaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila nikianza habari ya vyumba unaniambia mwaka ujao."

Fundi akageukia ukutani, akajifanya anakagua chati ya kupimia macho. Mistari ya chini haikusomeka kabisa. Alisema ni vumbi la lenzi. Dada akasema ndiyo, lenzi zina vumbi sana, na alipokuwa akitoka akamshauri asiende kule mikono mitupu.

Akaenda na maua. Mshonaji alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake.

"Nini hicho?"

"Maua."

Mshonaji akangoja. Fundi hakuhitaji kuhesabu kwa vidole safari hii, herufi zilikuwa nne tu.

"Nimeshaamua," akasema.

Mshonaji akayapokea, akayatia kwenye kopo la vifungo kwa kuwa hakuwa na chombo kingine, akasema vizuri. Kisha akauliza dada mtu kasemaje. Alipoambiwa kwamba mja ni neno la tenzi, akakiri kuwa ni kweli.

Ilipofika habari ya mahari, mshonaji alitaja kitu kimoja: miwani. Mbali aliona vizuri, ubao ule aliusoma akiwa amekaa kwenye cherehani yake, lakini tundu la sindano alilipata kwa kubahatisha, na siku hizi hata kubahatisha kulikuwa kunamgomea. Fundi aliona haya. Alikuwa amekunywa chai ubavuni pa macho hayo misimu yote ile na asitambue. Akamkalisha kwenye kiti, akampima taratibu, kama mgeni aliyetoka safari ya mbali, na lenzi akazisugua mwenyewe.

Harusi ilikuwa ndogo, siku za mwanzo za mwaka, ubao ukisema HERI YA MWAKA MPYA. Watu walipokuwa wakila ndani ya duka la mshonaji, meza za kukatia vitambaa zikiwa zimeunganishwa, dada aliomba stuli. Yeye aliyehukumu herufi miaka yote hakuwahi kugusa hata moja. Alivuka barabara, akapanda, akakataa kusaidiwa, akawa anapangua na kupanga kwa muda mrefu huku wageni wakitoka na sahani zao kutazama. Alipomaliza, ubao ulisema: MAHARI MPYA YAKWE.

Bwana harusi akahesabu. Zilitimia zote, bila neno lolote kuachwa. Bibi harusi naye akasoma, akasema yakwe si lugha ya siku hizi. Siku hizi watu husema yake.

"Yakwe ni ya tenzi," dada akajibu kutoka juu. "Inakubalika."

"Mja nayo ilikuwa ya tenzi, ukaikataa."

"Wakati huo sikuwa wifi yako."

Bibi harusi akaona hilo lina mashiko. Akaitoa miwani kwenye mfuko wake, akaivaa kwa mara ya kwanza mbele za watu, akautazama ubao tena, akasema kwa miwani hii hasomi kitu, maandishi yote yamekuwa moshi. Fundi akamweleza kwamba hiyo ni ya karibu tu. Basi akageuka akamtazama yeye, aliyekuwa karibu, akamtazama kwa makini kama anayekagua mshono.

"Una kovu juu ya jicho," akasema.

"Nilianguka nikiwa mtoto. Dada ndiye aliyenifunga."

"Sikuwahi kuliona."

"Lilikuwepo."

Akaligusa kwa ncha ya kidole. Juu ya stuli dada alikuwa akilalamika kwamba ile W imelala upande na hakuna anayemsikiliza, halafu akasema aje mtu ashike stuli, anashuka. Wakaenda wote wawili.