Nawa Kwanza, Wifi

Mguu wangu wa kulia umepasuliwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa jipu lililokataa kuiva. Mara ya pili ni kwa sababu usaha ulirudi, na haukurudi wenyewe: kila aliyekuja kunipa pole aliibonyeza bandeji aone kama imelowa. Daktari hakuzunguka. "Bibi, kidonda kikiharibika tena, mguu tutaukata."

Tangu hapo nina maneno mawili tu: nawa kwanza. Ndoo yenye koki iko pale mlangoni mwa wodi, na sabuni imefungwa kwa kamba ya katani isije ikatembea. Mwanangu Gasper akija kutoka Tunduma ananawa. Majirani zake wananawa, ingawa wananuna. Shida ni watu wa nyumbani, kijijini Hasamba.

Jumanne walikuja wawili: wifi yangu Nesta, dada wa marehemu mume wangu, na mzee wa kanisa, Hezron. Nesta alitoka moja kwa moja kuchuma kahawa, vidole vyeusi kwa utomvu. Akaweka kikapu cha magimbi kitandani, naye akaketi juu ya shuka niliyobadilishiwa asubuhi. Mzee Hezron akafumba macho, akaishusha mikono kuelekea kwenye bandeji. Kwetu mgonjwa haombewi kwa mbali. Mkono unawekwa palepale panapouma.

Nikauvuta mguu. Maumivu yalinipanda mpaka kwenye meno.

"Mzee, nawa kwanza."

"Mama Gasper," akasema taratibu, "hii ni mikono ya maombi."

"Siku ya Meza ya Bwana hunawi kabla ya kumega mkate?"

Aliyejibu ni Nesta. "Tangu lini sisi tumekuwa uchafu? Kaka yangu alikuoa una matope mpaka magotini, wala hakukwambia unawe."

"Wifi, mguu ukikatwa utanibeba wewe kwenda shambani?"

"Na hao madaktari wako, unawaambia?"

Hapo alinipata, maana sijawahi kuwaambia. Na kama aliyeitwa, daktari kijana, Gwamaka, akatoka kumfunga kidonda mama wa kitanda cha pili, glovu bado mkononi, akanyoosha mkono kuifungua bandeji yangu. Nesta akakunja mikono kifuani, akanitazama. Wodi nzima ikanitazama, hata aliyekuwa anakoroma.

Mimi niliishia darasa la saba. Daktari akichukia, nitabaki kuwa yule bibi mkorofi wa kitanda cha mlangoni. Lakini mguu ni wangu.

"Daktari, samahani baba. Glovu hizo zimetoka kwa mwenzangu. Zivue, unawe na mikono pia, tafadhali."

Akasimama. Akaziangalia zile glovu kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe msibani. "Kweli, bibi," akasema. Akazivua, akaenda kwenye ndoo. Mzee Hezron akamfuata huku akikunja mikono ya koti. Nesta alikuwa wa mwisho, akisonya, lakini alisugua mpaka kwenye kucha, povu likawa la kahawia.

Nikashusha pumzi, nikaunyoosha mguu. Mara nikamwona anajifuta mikono kwa kitenge chake, kilekile alichofungia kuku aliyekuja naye garini, manyoya bado yamenata.

"Wifi," nikamwambia, "rudi kwenye ndoo."