Mwalimu: Atatajwa

Ofisi ya Ofelia Barrientos ilikuwa buti la gari lake. Humo mlijaa vitabu, viatu vya akiba na karatasi za wanafunzi wa vyuo vitatu, maana chuo kimoja hakimlishi mwalimu wa muda katika bonde lile la mashamba ya lozi. Kila muhula ratiba ilitoka, na penye jina lake pameandikwa "atatajwa". Miaka kumi na moja, jamani, mtu anangoja kutajwa! Na mtajaji ni Dale Hutchins, mkuu wa idara ya hesabu katika kimojawapo cha vyuo hivyo.

"Mwalimu, wamenirudisha tena kwenye hesabu za sehemu," alisema Rosaura, mwanafunzi wake, mama wa miaka hamsini na mbili, msimamizi wa mizani katika kiwanda cha lozi. "Mtihani wao wa kupangia madarasa umeniangusha mara ya tatu. Na kazini ni mimi ninayewapigia wote hesabu! Hivi mimi mjinga?"

"Mjinga ni mtihani, mama."

"Basi waambie wenzako, usiniambie mimi."

Na Ofelia alikuwa na mahali pa kuwaambia. Walimu wa muda mia mbili walikuwa na kiti kimoja tu kwenye baraza la walimu, na aliyekikalia ni yeye. Alhamisi baraza lingepiga kura, mtihani ubaki au ufutwe. Hutchins, aliyeutunga, alikuwa amemnong'oneza koridoni, "Ratiba ya muhula wa vuli bado sijaimaliza, Ofelia." Nani asingeelewa?

Alhamisi, zamu yake ilipofika, aligawa karatasi.

"Maswali ishirini, dakika ishirini, bila kikokotoo. Ni ule ule wa wanafunzi wetu. Karibuni."

"Acha utani," Hutchins alifoka.

Lakini mzee Lindqvist wa historia, aliyezoea kusema mtihani ule haumwonei mtu, alishachukua kalamu. Wengine wakamfuata wakicheka. Kicheko hakikufika swali la tano.

Lindqvist alipata saba.

"Mimi na udaktari wangu," alisema, masikio yamemwiva, "ningepelekwa kwenye hesabu za sehemu!"

"Usijali, profesa. Kuna mama mmoja atakufundisha."

Mtihani ulifutwa kwa tofauti ya kura mbili.

Wiki iliyofuata Hutchins alimpigia simu: vuli hii hakuna nafasi yake. Hakumfukuza, la hasha. Mwalimu wa muda hafukuzwi, haitwi tu. Ofelia alijifungia garini akalia kwa hasira, maana aliyapenda madarasa yale kuliko alivyowahi kukiri.

Hajamaliza kulia, simu ikaita tena.

"Mwalimu! Nimeingia takwimu, darasa la shahada kabisa!" Rosaura alikuwa akipiga kelele kushinda mashine za kiwandani. "Penye mwalimu wameandika 'atatajwa'. Si ndiwe huyo?"

Ofelia alipangusa pua.

"Safari hii si mimi. Lakini kaa mstari wa mbele, mama," alisema. "Na ukimwona huyo mwalimu anatoa vitabu kwenye buti, msaidie kubeba."