Santuri ya Athanas

Siku ya kuondoa tanga la Athanas, vitu vyake vilitandazwa uani juu ya mkeka: mashati mawili, jembe, viatu vya kiwandani, na gramafoni ya betri pamoja na santuri moja yenye jalada jeusi tii, lisilo na picha. Katika ukoo wao, anayetaka kitu cha marehemu sharti akitumie palepale, watu wakiona. Shati huvaliwa, jembe hupigwa ardhini. Kisichotumiwa huzikwa.

Felista, dada yake, aliitaka santuri ile. Na aliiogopa.

Athanas alipewa na fundi mgeni aliyemaliza mkataba kiwandani, mjini Morogoro. Alipanda nayo mlimani kwao akiwa tayari na homa, akalala akiisikiliza mchana kutwa, hata majirani wakanong'ona kwamba sauti ile inatoka ardhini, ndiyo iliyokuwa ikimwita. Felista hakutaka kuamini. Alijiambia betri zimechoka tu. Muziki ukiburuzika hivyo, dawa yake ni jua. Basi siku mbili mfululizo alizianika betri zote sita juu ya bati, kando ya maharage. Zikipata nguvu, aliwaza, nyimbo zitachangamka, watu watacheka, na mjomba hatakuwa na neno.

Mjomba Ignas ndiye aliyekuwa na kauli, maana mali ya mpwa iko mkononi mwa mjomba wake. Alimwambia aipige yote, asiinuke.

Sindano ikashuka. Gitaa likatoa sauti moja, nzito, ikakaa. Haikwenda popote. Ngoma ikafuata: pigo, kisha kimya kirefu mpaka unadhani mpigaji kasinzia, kisha pigo. Felista akaitazama santuri. Ilikuwa ikizunguka kwa kasi yake kamili. Betri zilikuwa nzima. Muziki wenyewe ndivyo ulivyotengenezwa.

Sauti ya mwanamume ikaingia, ikijivuta. Shangazi Pili, ambaye hakuna msiba uliowahi kumfunga mdomo, alisema, "Huyo naye kala unga wa njano." Mwaka ule wa njaa kila nyumba ilikuwa ikila unga huo wa msaada usiotia nguvu, na watu wawili watatu wakacheka. Kicheko hakikudumu. Ukungu ulikuwa ukishuka kwenye mashamba ya kabichi. Wanawake waliwashika watoto mikono, wakatoka mmoja mmoja. Mama alijifunika kanga usoni.

Upande wa kwanza ulipoisha, Felista alimtazama mjomba.

"Geuza," alisema mjomba. "Stefano aliyetaka shati hakulivaa mkono mmoja."

Upande wa pili, betri zikaanza kuisha kweli. Sauti ikazama, ikazidi kuzama, maneno yakaacha kuwa maneno, ikabaki mikoromo ya mtu anayevuta pumzi kutoka shimoni. Felista aliijua. Ndiyo sauti aliyoitoa Athanas alasiri ya mwisho, na yeye, aliyeachwa amwangalie, alichukua ndoo akaenda mtoni ilhali mtungi ulikuwa umejaa. Aliporudi, sauti ilikuwa imekoma.

Sasa miguu ilitaka mlango wa ua. Ndoo ileile ilikuwa pale, karibu kabisa. Alivikalia viganja vyake. Santuri ikasota, ikanguruma mara moja, ikasimama.

"Imesikilizwa," alisema mjomba. "Chukua."

Hakuweza kuinuka. Mama alikuja akamshika bega, akamuuliza taratibu amesikia nini humo ndani.

"Nimemsikia Athanas," Felista alisema. "Siku ile sikwenda kuteka maji, mama. Nilikimbia."

Mama aliketi mkekani ubavuni mwake, na hapo walikaa mpaka ukungu ukaufunika ua.

Asubuhi Felista alipanga betri juu ya bati. Hakujua kama angethubutu kuipiga tena santuri ile. Mama alikuwa mlangoni akimtazama.

"Uwe unazigeuza," alisema, "zipate jua pande zote."