Mahali Kitambaa Kilipokwama

Kitambaa changu cha kupakia nta kilikwama. Kilikuwa kimeteleza vizuri toka mkiani mwa kiolezo cha boti mpaka karibu na pua, kisha kikakwama mahali padogo kama kiganja.

Fundi Sunimal alikichonga kiolezo kile kwa miezi minane, hapa karakanani kwetu Negombo. Kilikuwa umbo la boti mpya ya tanga, ile yenye matumbo mawili. Juu yake tungetandaza faibaglasi, na ikishakauka tungeibandua iwe kalibu ya kutolea boti zote. Kazi yangu ilikuwa kupaka nta, mikono sita, kila mmoja ukauke saa nzima. Pasipokauka, kalibu na kiolezo hung'ang'aniana, vikaharibika vyote.

Pale kitambaa kilipokwama, mkono wa sita ulikuwa bado mbichi. Lakini mnajimu alishatoa saa ya heri, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na mke wa bosi alikuwa anachemsha maziwa kwenye chungu kipya, yafurike kwa baraka. Yalipofurika, watu wakashika brashi.

Dada Jayanthi, mwenzangu wa karakanani, aliniona nimesimama. "Mdogo wangu, unakipaka nta au unakiposa?"

Wakacheka. Uso ukaniwaka. Fundi Sunimal akanisogelea, akauliza taratibu, "Nta iko tayari, binti?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Siku ya kubandua tuligonga kabari za mbao ukingoni, tukamimina maji kwenye mwanya. Maji yalipita ubavuni kote, ila puani hayakufika. Fundi akaweka sikio pale, akakaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa nimeshika ndoo.

Bosi akaamuru winchi ivute. Fundi alimwomba asubiri kidogo, akakataliwa. Mnyororo ukakazika, kitu kikalia kama mfupa unaovunjika, na pua ya kiolezo ikang'oka, ikabaki imenasa ndani ya kalibu iliyopasuka.

Mke wa bosi alisema maziwa yalifurikia upande mbaya. Bosi alimlaumu mnajimu. Fundi Sunimal alipapasa ule ufa, akasema, "Ni kosa la mkono wangu. Pua niliichonga nyembamba mno."

Jioni ile alifunga patasi zake ndani ya kikoi kuukuu, akaondoka. Nasikia sasa anachonga milango, na boti hataki hata kuzitazama.

Fundi, pua haikuwa nyembamba. Kitambaa kilikwama, na uliponiuliza, nilijua.